Gari la Familia kwa Udongo wa Mbuga

Kutoka Lamadi, jirani na Ziwa Victoria, lami inakwenda kilomita 72 hivi hadi Bariadi bila kumbagua dereva yeyote. Inaendelea kilomita nyingine zipatazo 50 hadi Maswa, kisha 50 tena hadi Mwigumbi, inakokutana na barabara ya Shinyanga kwenda Mwanza. Kwenye njia hiyo, Toyota Ist yenye tumbo linalokaribia kugusa matuta hufika salama kama Land Cruiser, tena kwa mafuta kidogo zaidi. Magari huanza kutofautiana pale yanapoiacha lami: kuelekea vijiji vya Itilima, kushuka Nkololo, au kupita Lalago kwenda Mwanhuzi, hasa katika miezi ya mvua kati ya Novemba na Mei.

Shida yenyewe ni udongo. Sehemu za juu za Usukuma zina luseni, udongo wa kichanga unaokauka upesi baada ya mvua. Mabonde yana mbuga, ule mfinyanzi mweusi ambao kiangazi hupasuka nyufa za kutosha kumeza kisigino cha kiatu. Chembe zake hunyonya maji, huvimba na kufungana. Gari likipita juu yake lina matatizo mawili kwa pamoja: chini linateleza kama limepakwa sabuni, na pembeni tope linajaa kwenye tairi mpaka linasuguana na madigadi. Pamba huupenda sana udongo huo. Matairi hayaupendi.

Kwa hiyo familia ya Bariadi inayotafuta gari haihitaji jibu la gari lipi lina nguvu kuliko yote. Jibu hilo linajulikana, ni Land Cruiser hardtop, maarufu mkonga, na bei yake inatosha kujenga nyumba na kununua jozi za ng'ombe. Wanaobaki, yaani walimu, wauguzi, wafanyabiashara wa dengu na choroko, wakulima waliouza pamba vizuri, huangukia kwenye kundi la stesheni wagoni: gari lenye mwendo na ulaji wa gari dogo, lakini paa lake limenyooshwa hadi nyuma ili buti libebe magunia. Katika kundi hilo majina matatu ndiyo yanayogombaniwa zaidi, Toyota Probox na nduguye Succeed, Toyota Corolla Fielder, na Subaru Forester. Nissan AD na Wingroad zipo, Caldina za zamani zipo, lakini mwenye nazo hujikuta akieleza kila mara kwa nini hakununua mojawapo ya hayo matatu.

Gari la namna hii si geni Afrika Mashariki. Kabla ya Wajapani kutawala barabara, kazi ilikuwa ya Peugeot. Bert Shankland, dereva aliyeishi Dar es Salaam, alishinda Safari Rally mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, akiwa na Peugeot 404, na ushindi huo uliuza magari kuliko tangazo lolote. Baadaye ikaja 504 ya stesheni, yenye safu tatu za viti na ekseli ngumu nyuma, ikawa teksi ya masafa marefu, gari la misheni na gari la harusi. Wakati huohuo, mwaka 1972, kampuni ya Subaru ilitoa Leone ya stesheni yenye kuvuta kwa magurudumu yote manne. Wazo lilitokana na kampuni ya umeme ya kaskazini mwa Japani iliyotaka gari la kuwafikisha mafundi wake kwenye nyaya wakati wa theluji, lakini lenye starehe kuliko gari aina ya jeep. Theluji na mbuga ni mbali kama mbingu na ardhi, ila kwa tairi linalotafuta pa kukanyaga, mateso yanafanana.

Probox ilianza kuuzwa Japani Julai 2002. Haikubuniwa kupendeza. Toyota iliitengeneza kwa ajili ya mawakala wa mauzo na mafundi wanaoshinda barabarani, ndiyo maana pembe zake ni za mraba, buti lina sakafu bapa ya karibu mita 1.8 viti vikikunjwa, na ile ya van imeandikishwa kubeba mzigo wa kilo 400 ikiwa na watu wawili tu. Wakikaa watu watano, uzito halali wa mzigo unashuka hadi kilo 250. Takwimu hiyo wengi hawaijui, na wanaoijua hujifanya hawaijui. Kanda ya Ziwa gari hili limepata kazi ya pili ya kubeba abiria wa vijijini, kazi inayoitwa mchomoko, ambapo watu wanne mbele ni jambo la kawaida na mbuzi hufungwa pamoja na mizigo. Gari linalovumilia hayo kwa miaka mitano halihitaji cheti kingine.

Siri yake kubwa imo kwenye injini. Probox ya cc 1,500 inatumia 1NZ-FE, injini iliyomo pia kwenye baadhi ya Ist, Raum, Spacio, Ractis, Sienta, Premio na Allion, na ndani ya Fielder zenyewe za cc 1,500. Maana yake kwa mtu wa Bariadi ni rahisi. Pampu ya maji ikifa Jumamosi, kuna uwezekano mkubwa wa kuipata dukani mjini jioni ileile, na ikikosekana, inapakiwa kwenye basi kutoka Mwanza ikafika kesho yake. Fundi wa chini ya mwembe ameshaifungua injini hiyo mara nyingi kiasi cha kuijua kwa sauti. Inatumia cheni ya taiming, si mkanda, kwa hiyo hakuna tarehe ya kubadilisha inayosahaulika. Kwenye lami yenye mwendo wa wastani hufika kilomita 14 hadi 16 kwa lita moja.

Hata hivyo Probox hazifanani, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapokosea. Iko ya van na iko ya wagoni. Ya van ina kiti cha nyuma chembamba, kimesimama wima na kimesogezwa mbele ili kuacha nafasi ya mzigo. Watoto wakikaa humo kutoka Bariadi hadi Mwanza watashuka wakiwa na malalamiko ya haki. Ya wagoni, iliyotengenezwa hadi 2013, ina kiti kinene na nafasi ya magoti. Namba ya chesisi inasema ukweli hata pale muuzaji anapokaa kimya: NCP51 ni van ya cc 1,500, NCP58 ni wagoni, na NCP55 na NCP59 ni za kuvuta kwa magurudumu manne, ya kwanza van na ya pili wagoni. NCP50 ni ya cc 1,300, ambayo kwa familia yenye mizigo huchoka kwenye vilima. Succeed, iliyotengenezwa kwa cc 1,500, ni ndefu kidogo na imemalizwa vizuri zaidi ndani. Mtu akipata Succeed ya wagoni iliyotunzwa, kwa bei inayokaribiana na Probox, hana sababu ya kusitasita.

Fielder ndiyo gari zuri zaidi kulitazama kati ya haya matatu, na kwenye lami ndilo tulivu zaidi. Buti lake linameza jeneza la watu wasio wafupi (mtu wa kijijini huwaza mambo hayo pia), viti vinakaa vizuri, na mama mjamzito anayepelekwa hospitali ya rufaa ya mkoa pale Nyaumata atasikia nafuu kuliko ndani ya Probox. Matatizo ni mawili. Tumbo lake liko chini, na barabara ya changarawe iliyopitwa na malori ya pamba huacha tuta katikati ya njia mbili za matairi. Tuta hilo hukuna sampo. Wamiliki wengi huinua gari kwa kuweka spesa juu ya springi, jambo linalosaidia kiasi lakini likizidi linakula bolijointi na mipira ya drive shafti.

Tatizo la pili ni gia boksi. Fielder nyingi za cc 1,500 zilizotoka kuanzia 2006 zina gia boksi ya CVT, ambayo badala ya meno ya gia hutumia mkanda wa chuma unaopanda na kushuka kwenye puli mbili. Ni laini na inabana mafuta, lakini ina oili yake maalumu. Fundi asiyejua akimimina haidroliki ya kawaida ya gari la otomatiki, gia boksi inaanza kuvuma, kisha kuteleza, kisha hakuna tena safari. Probox za kizazi cha kwanza zina otomatiki ya kale yenye gia nne, au manyuo ya gia tano. Injini moja, hatima mbili. Anayenunua Probox ya toleo lililofanyiwa mabadiliko makubwa mwaka 2014 naye ajue kwamba ameingia kwenye CVT.

Kisha lipo Forester, gari ambalo mkoani Simiyu lina wapenzi na wajane. Wapenzi wake husema kweli. Toleo la 2007 hadi 2012, lijulikanalo kwa herufi SH, lina nafasi ya sentimita 22 hivi kutoka ardhini, magurudumu yote manne yanavuta muda wote, na injini yake iliyolala chini hushusha kitovu cha uzito wa gari kiasi kwamba kwenye tope linashika njia pale magari mengine yanapokwenda upande. Kwa daktari anayezunguka zahanati za Meatu, au familia yenye nyumba ng'ambo ya korongo linalojaa maji kila mwezi wa nne, hakuna stesheni wagoni la bei ya kati linalolikaribia. Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 kwa Subaru Impreza, na vijana wengi wa enzi hizo bado hulipa hisia hizo kwa pesa zao za leo.

Wajane nao wana hoja. Injini za EJ, zilizomo kwenye Forester hadi karibu 2010, hutumia mkanda wa taiming unaopaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Mkanda ukikatika gari likiwa kwenye mwendo, valvu zinaweza kugongana na pistoni, na bili yake inakaribia bei ya injini nyingine. Zile za cc 2,500 zinajulikana duniani kote kwa gasketi za silinda hedi zinazovuja, hasa mwenye gari akipuuza maji ya rejeta. Kubadilisha plagi tu, kazi ya dakika chache kwenye Probox, kwenye Subaru ni kuingiza mkono ubavuni mwa injini kama mkunga. Mafuta ni kilomita 9 hadi 11 kwa lita. Toleo la turbo linataka petroli bora na nidhamu ya oili ambayo safari za vumbi hazina. Habari njema ni kwamba kuanzia mwishoni mwa 2010 Forester zilianza kupewa injini ya FB yenye cheni, na anayelitaka gari hili ni busara atafute hizo, hata kama itambidi asubiri msimu mmoja wa pamba upite.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalizungumzi kwa kuwa halina faida kwao. Kwenye mbuga, tairi lina uzito kuliko idadi ya magurudumu yanayovuta. Forester yenye matairi kipara itakwama mbele ya Probox ya kuvuta mbele yenye kashata nzima. Tena, tairi jembamba hukata tope na kutafuta ardhi ngumu chini yake, wakati tairi pana huelea juu na kuteleza. Probox ya van hutoka kiwandani na matairi membamba ya mzigo yaliyoandikwa LT, ambayo kuta zake ni ngumu. Wengi huyatupa na kuweka rimu pana za kung'aa, wakiharibu kwa hela kitu ambacho Toyota ilikifanya bure. Magari mengi kutoka Japani huja na matairi ya theluji, yenye neno Studless ubavuni. Mpira wake ni laini kwa ajili ya baridi; kwenye jua la Maswa huisha haraka. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, na tairi lenye miaka kumi si jipya hata kama kashata zake zinang'aa.

Bei nayo ina mambo yake. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Tanzania inaruhusu, ila inautoza umri. Kwa viwango ambavyo Mamlaka ya Mapato (TRA) imevitumia kwa miaka mingi, gari hulipiwa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa kulingana na injini (sifuri hadi cc 1,000, asilimia 5 hadi cc 2,000, asilimia 10 kuzidi hapo), na VAT asilimia 18. Juu yake, gari la miaka minane hadi kumi huongezewa asilimia 15, na lililozidi kumi asilimia 30. Ushuru mmoja hupanda juu ya mgongo wa mwingine. Chukua gari la cc 1,500 lililothaminiwa shilingi milioni 10: likiwa chini ya miaka minane, kodi hizo kuu zinafika kama milioni 5.5, likiwa na miaka tisa, milioni 7.7, likiwa na kumi na miwili, milioni 9.9. Forester ya cc 1,994 imeponea chupuchupu kwenye mstari wa cc 2,000. Ya cc 2,500 haikupona.

Mwaka 2017 ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa na mzigo wake kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta. Anayetembea kidogo alinufaika. Mwenye injini kubwa anayetoka kila siku anailipa pale kituo cha mafuta, lita kwa lita.

Ndiyo maana wengi Bariadi hununua gari la mkononi, lililokwisha kulipiwa kodi na lenye namba ya D au E. Njia hiyo si mbaya, ila mnunuzi anapoteza ile karatasi ya mnada wa Japani inayoonyesha hali ya gari siku lilipouzwa kule. Anayeagiza mwenyewe aidai karatasi hiyo na aisome kabla ya kutuma pesa. Daraja la 4 ni zuri, 3.5 ni la kawaida, na herufi R au RA inamaanisha gari liliwahi kupata ajali na kurekebishwa. Magari yaliyotumika kaskazini, Hokkaido na jirani zake, huwa yamekaa kwenye chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, na kutu hujificha chini ya bodi. Gari lipandishwe juu ya shimo la gereji, fundi apige tochi kwenye chesisi na ekseli ya nyuma. Rangi mpya nyeusi iliyopakwa chini kwa ukarimu ni sababu ya kuongeza maswali.

Familia zenyewe zina hesabu nyingine. Stesheni wagoni lina mikanda ya watu watano, na nyumba nyingi za Simiyu hazihesabiki hadi tano zikaisha. Bibi, mabinti wa kaka na mtoto wa jirani anayesoma mjini huingia kwenye hesabu. Wenye watu saba wa kila siku wangefanya vyema kutazama Noah, au Sienta yenye injini ileile ya 1NZ-FE, wakikubali kwamba viti vya safu ya tatu vikikaliwa buti linabaki la mkoba na dumu la maziwa. Kulundika watoto kwenye buti la Probox ni mchezo ambao gari lolote likigongwa nyuma halitausamehe, kwa kuwa bati la mlango wa nyuma ndilo linalokuwa kinga yao pekee.

Kwa familia ya watu watano inayoishi Bariadi mjini, Maswa au Nyashimo, na inayokwenda kijijini mara moja kwa mwezi, Succeed au Probox ya wagoni ndiyo yenye akili, na ikipatikana NCP59 ya kuvuta kwa magurudumu manne, bora zaidi. Fielder ni kwa anayeishi na kufanya kazi pembeni mwa lami. Forester ya injini ya FB inamfaa yule ambaye mvua ikinyesha kazi yake haingoji, na ambaye kila mwezi anaweza kutenga fedha za spea bila kugusa ada ya shule.

Limebaki onyo kwa wanaonunua Probox kutoka mikononi mwa watu. Gari lililofanya kazi ya mchomoko linajulikana: kapeti limepauka mbele ya kiti cha abiria, bawaba za milango ya nyuma zimelegea, springi za nyuma zimeshuka hata likiwa tupu, na pedali ya breki imelika raba upande mmoja huku kilomita kwenye dashibodi zikidai elfu themanini tu. Mnunuzi aingize namba ya usajili kwenye mfumo wa faini wa polisi wa usalama barabarani, ambao mtu yeyote mwenye simu anaweza kuufungua. Faini za pale hufuata namba ya gari, si dereva aliyepakia watu tisa, na zisipolipwa kabla kadi haijabadilishwa jina, mwenye gari mpya ndiye atakayesimamishwa nazo njiani akiwapeleka watoto shule.